Wakala Akiishiwa Chaji Saa Tano Usiku

Makamanda, tuongee kuhusu chaji.

Mchezo tunaujua. Kura zinahesabiwa usiku, kijiji hakina umeme au umekatika, wakala wetu ana matokeo mkononi na simu imezima. Duka la kuchajia limefungwa tangu jioni. Sola ni nzuri sana, lakini saa tano usiku inavuna jua gani? Zinabaki nguvu za miguu.

Na hii siyo ndoto. Mwaka 2009 wanafunzi wawili wa Chuo Kikuu cha Nairobi, Jeremiah Murimi na Pascal Katana, walitengeneza chaja ya dainamo ya baiskeli, vipuri vingine wakivitoa kwenye redio na televisheni mbovu. Waliiuza shilingi 350 za Kenya. Mwaka uliofuata Nokia nao wakaleta ya kwao: ukifikisha mwendo wa kilomita 6 kwa saa inaanza kuchaji, na dakika 10 kwa mwendo wa kilomita 10 zilitosha kuongea kama dakika 28 kwenye simu ndogo.

Simu ndogo, nasisitiza. Dainamo ya kawaida inatoa wati 3 hivi. Betri ya kitochi inashika kama wati-saa 4, kwa hiyo saa moja na nusu ya kukanyaga inaijaza. Simu janja ya mAh 5000 inataka karibu wati-saa 19, yaani zaidi ya saa sita za jasho. Zile chaja za kuzungusha kwa mkono ndo usiseme, mkono unachoka kabla asilimia haijasogea.

Sasa asije mtu wa chama tawala akatuambia vijijini watu wakanyage pedali, umeme utafika tu. Hapana! Uniti moja ya TANESCO majumbani haifiki shilingi 400, na inaweza kuchaji kitochi zaidi ya mara mia moja. Mama wa kijijini akilipa shilingi 300 dukani, amelipa bei inayokaribia uniti nzima kwa chaji moja. Anayenyonywa hapo ni nani? Kumpa pedali badala ya nguzo ni kumcheka. Hilo deni la serikali tutalidai jukwaani, kila siku.

Ila kulinda kura hakusubiri nguzo. Kila tawi lisilo na umeme litafute baiskeli moja ya kuegesha, gurudumu la nyuma likiwa juu, dainamo, na saketi ya kutuliza umeme hadi volti 5. Fundi redio yeyote mzuri anaiweza. Msichomeke simu moja kwa moja kwenye dainamo, mtaiunguza. Vijana wapokezane, dakika 20 kila mmoja, na wakala awe na kitochi cha akiba. Halafu fanyeni majaribio kabla ya uchaguzi, kwa simu ileile atakayoibeba wakala, giza likishaingia, siyo mchana mbele ya kamera.