Gunia Halifufui Ng'ombe

Wako wasemao kwamba mfugaji aliyepatwa na ukame hutosheka kwa gunia la mahindi na vidonge. Kweli, mtoto mwenye njaa hangoji hoja. Na ale leo. Lakini mvuvi wa Kilwa Masoko aliyepotewa na mashua hapozwi kwa samaki wa kitoweo. Mwaka 2009 ng'ombe walikufa kwa wingi Longido na Monduli. Pamoja nao yakaenda maziwa, mahari na akiba ya siku ya ugonjwa. Walioondolewa Usangu mwaka 2006 na 2007 wakahamia Kilwa nao walihitaji malambo, majosho na dawa ya nagana. Basi baadhi ya ng'ombe na wanunuliwe wangali na nyama, waliosalia wapewe maji na tiba. Angojaye mzoga ndipo atoe sadaka, huyo hasaidii, azika.