Tunu ya Idi na Itoke Jikoni

Zinapobaki siku chache mwezi wa Ramadhani ukamilike, na soko la Gikomba likajaa watu hata mpitaji akose pa kutia mguu, utawaona watu wa Pumwani, waume kwa wake, wakirejea majumbani na makasha ya biskuti na peremende zilizofungwa viwandani, ambazo wamezinunua kwa fedha ya jasho lao, na pengine kwa fedha ya kukopa, ili asubuhi ya Idi wasifike kwa jirani na jamaa mikono mitupu. Simlaumu mtu kwa nia hiyo, kwani nia ni njema na ujira wake uko kwa Mola. Ninayoitilia shaka ni njia, na hilo ndilo nililokusudia kulizungumza leo: ya kwamba tunu ya Idi, kwa watu wa mtaa kama wetu, yafaa itoke jikoni mwetu wenyewe, na ya kwamba kuitengeneza ni kazi nyepesi kuliko wengi wanavyodhani.

Mtaa huu haukujengwa na watu wa kabila moja wala wa nchi moja. Serikali ya kikoloni ilipoukata viwanja mwanzoni mwa miaka ya 1920, ikawahamishia humu watu wa vijiji vya kale vya Nairobi, kama vile Maskini, Kaburini na kile kilichoitwa Mombasa, walikutana mahali pamoja Waswahili wa pwani, Wamanyema, Wanyamwezi, Wanubi, na Wakikuyu na Wakamba waliosilimu, watu ambao aghalabu hawakuwa na mjomba wala shangazi wa karibu katika mji huu. Na Pangani nayo ilipobomolewa mwishoni mwa miaka ya 1930, wengi wa wakazi wake wakapelekwa Shauri Moyo, wakaanza upya kutafuta majirani. Nyumba za Pumwani zilikuwa za udongo na fito, vyumba vimeelekeana katika ukumbi mmoja, ua ni mmoja, na si wachache kati ya wenye nyumba walikuwa wanawake waliojenga kwa mali yao wenyewe. Katika nyumba kama hiyo mtu hawezi kukaanga kitu kwa siri, maana harufu ya samli na iliki humfikia mpangaji wa chumba cha mwisho kabla ya mpishi mwenyewe kuonja. Udugu wa mtaa huu, basi, haukuletwa na damu. Ulishonwa kwa sahani iliyotoka mlango mmoja ikaingia mlango wa pili, na siku ya pili ikarejea kwa mwenyewe ikiwa na kitu ndani yake.

Na dini haikutuacha gizani katika jambo hili. Mtume Muhammad, rehema na amani zimshukie, aliwahimiza waumini wapeane hidaya ili mapenzi yazidi kati yao, akawaasa wanawake wasidharau kitu kitokacho kwa jirani, ijapokuwa ni kidogo mno, na akamwusia sahibu yake Abu Dharr, akipika mchuzi, auzidishe maji apate kuwakumbuka walio karibu naye. Tazama alichokitaja: mchuzi uliozidishwa maji, kitu cha jikoni, ambacho hata fakiri anacho. Hakuwataklifu watu wanunue cha fahari. Lakini tusisahau mpango wa mambo: zakatul fitri hutangulia, pishi moja ya chakula cha watu wa nchi, takriban kilo 2 na nusu, kwa kila nafsi iliyo chini ya mtu, nayo ifike kwa maskini kabla ya swala ya Idi. Mwenye kupeleka kashata kwa tajiri ilhali pishi ya maskini bado i ndani mwake ameanza na sunna akaiacha faradhi, na sukari yote ya dunia haitaitengeneza Idi yake.

Sasa nitaambiwa: mambo hayo yaliwezekana zamani, walakini leo mama anatoka alfajiri kwenda kutafuta riziki, anarejea magharibi, chumba ni kimoja, jiko ni moja, na tanuri hana. Maneno hayo ni ya kweli, nami siyapuuzi. Ila huyo asemaye hivyo aghalabu anafikiria keki yenye mapambo, au anafikiria haluwa, ambayo hakika si kazi ya mwanafunzi, kwa kuwa wanga, sukari na samli yake hutaka mkono wenye nguvu ukoroge kwa saa nyingi pasipo kupumzika. Haluwa tuwaachie mafundi wake. Kuna vitu ambavyo hodari na asiye hodari huvipika, juu ya jiko la makaa au la gesi ndogo, kwa sufuria moja na mwiko mmoja, navyo havijapungua hadhi hata siku moja katika pwani yetu yote, toka Lamu hata Unguja.

Cha kwanza ni kashata za nazi. Chukua nazi 2 zilizokomaa, uzikune. Chukua vikombe 2 vya sukari na kikombe 1 cha maji, uviteleke vichemke mpaka shira iwe nzito. Tia nazi na iliki iliyotwangwa, ukoroge pasipo kuacha mpaka uone mchanganyiko unabanduka kandokando ya sufuria na kujikusanya pamoja. Kisha uumimine juu ya sinia iliyopakwa samli, uusawazishe, na uukate ungali vuguvugu, maana ukipoa utavunjika ovyo. Hayo ndiyo yote. Sinia moja iliyokatwa vipande 48 yatosha nyumba 8, kila nyumba vipande 6, na gharama yake ni nazi, sukari na makaa ya saa moja.

Hapa liko jambo moja ambalo mtu aliyefundishwa upishi Mombasa, kisha akahamia kwetu, hulistaajabia. Nairobi imekaa juu ya usawa wa bahari kwa takriban mita 1,700, na kwa sababu hiyo maji huchemka hapa yakiwa kama digrii 94, hayangoji 100 kama ya pwani. Basi anayefuata kitabu kilichoandikwa kwa ajili ya miji ya pwani, na kupima shira yake kwa kipimajoto, ataikuta imeiva kupita kiasi kabla ya kuzifikia digrii alizoandikiwa. Dawa yake ni kipimo cha mabibi zetu, kisichodanganya mlimani wala ufukweni: bakuli la maji baridi. Dondosha tone la shira ndani yake, likitawanyika, bado, likijikusanya likawa laini vidoleni, limefaa kashata za nazi, likiwa gumu likavunjika kwa mlio, hilo ni la kashata za njugu. Mabibi hao hawakusoma elimu ya joto na hewa, lakini waliijua shira kwa yakini ambayo mimi naiheshimu kuliko vyombo vingi vya madukani.

Cha pili, nacho ndicho nikipendacho kuliko vyote kwa ajili ya kutoa, ni visheti. Nusu kilo ya unga wa ngano hupigwa kwa samli iliyoyeyushwa ikiwa moto, hata unga ukibanwa kiganjani ushikamane. Hutiwa iliki, hukandwa kwa tui au maziwa, hukatwa vipande vidogo, na kila kipande hukandamizwa juu ya uma au chujio safi kipate mistari, kisha hukunjwa mfano wa kome. Vikaangwe kwa moto wa wastani, kwani moto mkali huunguza nje na kuacha ndani kibichi. Shira yake iwe ya robo kilo ya sukari na maji nusu kikombe, nzito, wala isitiwe ndimu. Ndimu huizuia sukari isigande, na ndiyo sababu wapishi wa kaimati hutia matone yake, wakitaka shira ibaki maji. Bali katika visheti tunataka kinyume chake, sukari igande juu ya kila kimoja ikawa nyeupe, nayo itaganda ukivipindua ndani ya shira mfululizo wakati inapopoa. Visheti vikihifadhiwa katika kopo kavu lenye mfuniko hukaa majuma mawili na zaidi vikiwa vizima, na fadhila hiyo ndiyo inayovifaa kwa mtu mwenye shughuli: avipike katikati ya mwezi, avifunike, asivikumbuke mpaka usiku wa kuandama mwezi. Kashata za nazi hazina subira hiyo, kwani nazi huchacha, basi zingoje siku mbili za mwisho.

Vileja navyo, vya unga wa mchele, samli, sukari na mayai, vyataka moto wa juu na chini. Asiye na tanuri hutandika mchanga mkavu ndani ya sufuria kubwa, akaweka sinia ndogo juu yake, akafunika na kupalia makaa juu ya kifuniko. Wala asiye na moto kabisa hana udhuru, maana tende zilizotolewa kokwa, kila moja ikatiwa njugu iliyokaangwa, ni tunu ambayo hata mtoto wa miaka sita aweza kuifanya.

Ama njugu, nawasihi sana mzichambue. Njugu iliyokunjamana, iliyobadilika rangi au iliyoota ukungu itupwe, wala isidhaniwe kwamba sukari na moto vitaisafisha, kwa kuwa sumu ya ukungu huo haiondoki kwa kukaangwa, na nchi yetu ilizika watu zaidi ya 100 mwaka wa 2004 kwa sababu ya mahindi yenye sumu ya aina hiyo, wengi wao katika wilaya za Ukambani. Na jirani mwenye maradhi ya sukari asipelekewe kashata kisha tukadhani tumemkirimu. Apelekewe njugu kavu zenye chumvi kidogo, ikiwa maradhi mengine hayamzuii chumvi, au sahani ya matunda aliyozoea kula, na ajue kwamba alifikiriwa peke yake.

Lipo lalamiko moja la wanawake ambalo ni la haki, nami nalitetea waziwazi. Kumi la mwisho la Ramadhani ni siku za ibada, zenye usiku ulio bora kuliko miezi elfu, na mara nyingi wanaume huwa msikitini Riyadha au misikiti mingine ya mtaa, ilhali wake zao wako mbele ya moto wakikaanga, hata wakazikosa rakaa walizozitamani mwaka mzima. Jambo hili si insafu. Kukuna nazi hakukuumbiwa mkono wa mwanamke, wala kutwanga iliki, wala kukoroga shira. Mbuzi ya kukunia yaweza kukaliwa na baba, na vijana wa kiume wanaokesha barazani kwa mazungumzo waweza kuchambua kilo nzima ya njugu pasipo mazungumzo yao kukatika. Kazi ikigawanywa kati ya watu watano haimalizi usiku wa mtu.

Kuhusu namna ya kutoa, nina machache. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku nchini tangu tarehe 28 Agosti 2017, na marufuku hiyo imetupatia nafasi ya kurudi kwenye karatasi ya kaki, kikapu kidogo cha ukili, kopo lililooshwa, au sahani iliyofunikwa kitambaa, navyo vyote vyapendeza kuliko kasha lenye jina la kiwanda. Tusihesabu nani aliturudishia na nani hakurudisha. Sahani ikirejea tupu kutoka kwa mjane mwenye wana watano, ipokewe kwa uso ule ule. Tusishindane. Mtaani mwetu kuna watu ambao Idi huwatia deni linalowasumbua mpaka mfungo tatu, na sababu yake ni kuogopa macho ya watu, ambayo ni ria, nayo huila thawabu yote.

Wala tusiwasahau majirani wasio Waislamu, ambao katika nyumba za Pumwani wanakaa nasi ukuta kwa ukuta. Wao huivumilia harufu ya futari yetu mwezi mzima, nao Krismasi ikifika hutuletea chapati na mandazi pasipo kuuliza tunasali wapi. Sahani ya kwanza kutoka asubuhi ya Idi ikienda kwao, sitaona ajabu, bali nitaona adabu.

Na kama kweli huwezi kupika, kwa ugonjwa au kwa kazi za usiku, usinunue kilichotoka mbali kabla hujamwuliza mama wa mtaa anayeuza kashata na visheti mlangoni pake, kwa sababu shilingi yako kwake itanunua nguo ya Idi ya mtoto unayemjua kwa jina.

Enyi watu wa Pumwani, Shauri Moyo, Bondeni na California, mwezi ujao wa Ramadhani ukiingia, tengeni kilo moja ya sukari katika ile mtakayonunua, mzinunue nazi mapema kabla bei hazijapanda, mkae na watoto wenu jioni moja baada ya futari mkawafundishe kulitambua tone la shira ndani ya bakuli la maji baridi. Na nyumba ya kwanza mtakayoipelekea iwe ile ambayo mnajua kwamba hakuna mwingine atakayeikumbuka.