Kupanda Mti ni Kazi ya Asubuhi Moja, Kuutunza ni Kazi ya Mwaka

Mvua zinapoanza Nairobi, watu huonekana wakibeba miche na majembe. Jambo hilo ni jema. Mwezi wa Desemba 2022 Serikali ya Kenya ilitangaza kwamba nchi itapanda miti bilioni 15 kufikia mwaka 2032, na tarehe 13 Novemba 2023 ilifanywa siku ya mapumziko ili kila mtu apande mti. Tarehe 10 Mei 2024, siku ya kuwakumbuka waliokufa kwa mafuriko, miti ikapandwa tena. Lakini neno langu ni hili: mche haufi siku ya kupandwa. Hufa Januari na Februari, wakati jua ni kali na waliopiga picha wamekwisha kwenda zao.

Katika Mukuru kwa Njenga wako watakaocheka wakisikia habari za miti. Watauliza, utapandwa wapi, na chumba cha mabati ni futi kumi kwa kumi? Ni kweli nafasi ni haba. Hata hivyo ziko nyua za shule na makanisa, iko kona karibu na bomba la maji, na mbele ya duka huwa kuna hatua mbili tatu. Aliyelala ndani ya mabati saa saba mchana ajua thamani ya kivuli.

Udongo wa huko ni ule mweusi unaonata. Wakati wa masika hujaa maji na mizizi huoza. Wakati wa kiangazi hupasuka na mizizi hukatika. Basi usipande mche ndani ya shimo lililo kama bakuli. Inua udongo kidogo, changanya na samadi iliyooza vizuri, kisha tandaza majani makavu juu yake, lakini yasiguse shina. Matandazo hayo huzuia nyufa na kuhifadhi unyevu.

Maji ndiyo taabu kubwa, maana wengi huyanunua kwa mtungi. Simwambii mama wa watoto wanne amwagie mti maji ya kunywa. Maji ya mwisho ya kusuuzia nguo yafaa, mradi hayana dawa ya kung'arishia nguo. Mche wa mpera au mlimau ukipewa nusu mtungi polepole, mara mbili kwa juma, utaweza kupita kiangazi. Kunyunyiza kidogo kila siku hakufai, kwani mizizi hubaki juu juu. Maji ya mto Ngong yaache; yana uchafu wa viwanda na vyoo.

Miezi ya Juni hadi Agosti ni ya baridi na mawingu, na watu huusahau mti. Huo ndio wakati wa kuukagua. Legeza kamba iliyoufunga kwenye kijiti kabla haijakata gome. Ondoa matawi yaliyokufa na yale yanayosuguana, kwa msumeno mkali, karibu na shina bila kulijeruhi. Desturi ya kukata kichwa chote cha mti siipendi hata kidogo: hutoa machipukizi dhaifu ambayo upepo huyaangusha juu ya mabati ya watu. Na takataka zisichomwe chini ya mti. Kwa maoni yangu moto huo umeua miti mingi ya mitaani kuliko mbuzi.

Sasa nije kwenye neno gumu. Mwaka 2021 nyumba nyingi za Mukuru kwa Njenga zilibomolewa ili barabara ipite, na maelfu ya watu walikosa makao. Aliyeona hayo ana haki ya kuuliza kwa nini atunze mti ambao huenda asiukute kesho. Mpangaji kama huyo na apande mlimau katika debe kuukuu lililotobolewa chini. Akihama, ahame nao. Mti wa kudumu ardhini ni wajibu wa mwenye ploti, ambaye ndiye apokeaye kodi. Amtafute mpangaji mmoja wa kuutunza, naye ampunguzie kodi kwa kadiri ya bei ya mitungi anayotumia. Na kwa kuwa Kaunti ya Nairobi iliitangaza Mukuru kuwa eneo la mpango maalum mwaka 2017, yapasa ramani za njia na mitaro zionyeshe pia mahali pa miti, na jina la atakayeinywesha mwezi wa Februari.