Kozi ya Kiingereza Isiyofundisha Kiingereza

Makamanda, mwaka 2022 wote tulisikia matokeo ya Taasisi ya Uanasheria kwa Vitendo: kati ya wanafunzi 633, waliofaulu ni 26. Ikaundwa kamati chini ya Dk. Harrison Mwakyembe, mitandaoni watu wakacheka, na lawama zikatua palepale zilipozoea kutua: vijana hawajui Kiingereza. Haya, hatukijui. Nani alipewa kazi ya kutufundisha, na aliifanyaje?

Mtoto wa Bungu anasoma Kiswahili miaka saba, akiingia Form One ubao wote unageuka. Mwalimu anaeleza kwa Kiswahili, anaandika kwa Kiingereza, mtoto ananakili. Serikali inalijua hili tangu zamani. Tume ya Makweta ilipendekeza mwaka 1982 sekondari zihamie Kiswahili, ikakataliwa. Mwaka 1984 Waingereza wenyewe, Criper na Dodd, walikuta Kiingereza cha wanafunzi wetu hakitoshi kusomea. Februari 2015 Kikwete akazindua sera inayoruhusu Kiswahili ngazi zote. Mmeona kitu?

Basi chuo ndicho kinachobaki kuziba pengo. Kinazibaje? Semista moja ya stadi za mawasiliano. Ukumbi umejaa mamia, wengine tumekaa kwenye ngazi, projekta inasomewa. Tunafundishwa maana ya mawasiliano, aina za usomaji, vizuizi vya mawasiliano. Mtihani unakuja: taja vizuizi vitano. Unakariri, unapata B+, na semista nzima hujafungua mdomo! Insha yangu ilirudi na alama tu, hakuna hata sentensi moja iliyosahihishwa. Jamani, huko deltani hakuna aliyejifunza kupiga kasia kwa kutajiwa sehemu za mtumbwi.

Najua watakaodakia: eti wapinzani hawataki Kiingereza. Tunakitaka sana. Hukumu za Mahakama ya Rufani za miaka nenda rudi zimeandikwa kwa Kiingereza. Bomba la gesi ya Songo Songo linapita ukanda wetu huu kwenda Dar, na mikataba ya namna hiyo haiandikwi kwa Kiswahili. Mnataka isomwe na watoto wa wakubwa peke yao, waliolipiwa English medium tangu chekechea?

Kichekesho ni kwamba mwaka 2021 Bunge lilibadili sheria, Kiswahili kikawa lugha ya mahakama. Mimi nasomeshwa kwa Kiingereza. Nikirudi likizo, wazee wananiletea karatasi za mauziano ya mashamba ya mikorosho niwaeleze haki yao. Kanuni ninayo kichwani kwa Kiingereza cha kukariri. Kiswahili chake hakuna aliyenifundisha.

Tunachodai kinafanyika. Madarasa ya watu 25. Kila wiki kurasa mbili za hukumu halisi, tuijadili kwanza kwa Kiswahili tuielewe, kisha kila mtu aandike aya yake kwa Kiingereza, irudi na kalamu nyekundu, aiandike tena. Mahakama za mfano kwa lugha zote mbili. Na iwe miaka yote ya shahada, siyo semista moja ya kutimiza ratiba.

Watasema hakuna hela ya kuajiri walimu wa lugha. Basi wizara ianze kwa kutuambia, chuo kwa chuo: kozi hii ina walimu wangapi, kwa wanafunzi wangapi?