Binti Aliyefanywa Tarishi



Tumesoma barua ya binti mmoja wa Bukavu, mwenye umri wa miaka 16. Jina lake twalificha. Wazazi wake wameachana: baba akaa Kadutu, mama amerudi kwao Bagira. Kila Jumamosi binti huyu hupanda na kushuka vilima, akichukua maneno ya mmoja kwa mwenzake: «Mwambie babako alete fedha za shule.» «Mwambie mamako aziombe kwa wajomba zako.»

Sasa kijana mmoja, mfanyakazi wa meli ziendazo Goma, amemwambia kwamba ampenda. Amemwahidi na nauli: «Njoo, tutaoana huko, wala hutasikia tena ugomvi.» Binti atuuliza: «Je, kumpenda ni dhambi? Niende?»

Binti yetu, kupenda si dhambi. Mwumba ndiye aliyekupa moyo huo. Lakini ujichunguze: je, wamtamani kijana huyu, au watamani nyumba isiyo na makelele? Aliyenyeshewa na mvua hukimbilia paa lolote; mvua ikiisha, ndipo aonapo ni nyumba ya nani. Basi umjaribu kijana kwa neno moja: mwambie utangoja mpaka umalize masomo na mtihani wa Serikali, naye aje mchana kujitambulisha kwa wazee wako. Akupendaye kweli atangoja. Akikasirika, umekwisha kupata jibu.

Ujue na sheria. Kanuni ya jamaa ya mwaka 1987 iliruhusu msichana aolewe akiwa na miaka 15. Lakini sheria ya mwaka 2009 ya kuwalinda watoto ilikataza ndoa ya aliye chini ya miaka 18, na kanuni ya jamaa ikarekebishwa vivyo hivyo mwaka 2016. Tena kwenda Goma pasipo mahari wala padri si ndoa, ni kutoroka.

Kazi ya tarishi nayo uiache, lakini kwa heshima. Sema: «Baba, nawapenda ninyi wawili. Neno hili, tafadhali, umwambie mama mwenyewe, au umtume shangazi.» Mtoto si hakimu wa ndoa ya wazazi wake, wala si yeye aliyeivunja.

Nanyi wazazi, sikieni. Talaka haimwondolei baba wala mama wajibu wa kumlisha na kumsomesha mtoto, kila mmoja kadiri ya uwezo wake. Ndivyo sheria yetu inavyotaka. Marehemu Papa Fransisko, katika waraka wake wa mwaka 2016 juu ya furaha ya upendo, aliwasihi waliotengana wasimfanye mtoto kuwa mateka. Wapiganapo tembo, nyasi huumia. Mwamlaumu kijana wa meli, lakini ni nani aliyemchosha binti hata akatamani meli?

Binti yetu, Jumamosi ijayo panda kilima kumwamkia mama tu, bila mzigo wa maneno. Kisha utuandikie tena. Mungu akulinde.