Tunachokihubiri na Tunachokiwasha Nyumbani

Kwa wanachama wote, kaka zangu na dada zangu katika programu huria.

Niseme mapema kwamba naandika nikiwa na huzuni. Wiki tatu zilizopita nilikwenda kumpa pole mwenzetu aliyefiwa. Tukiwa kwenye mazungumzo, mwanawe akaleta laptopu atuonyeshe picha za marehemu. Ilipowaka nikaona chini, upande wa kulia, yale maandishi hafifu ya kijivu yanayomtaka mwenye kompyuta aithibitishe Windows yake. Mwenzetu naye akaniona nikiyaona. Akaivuta laptopu kwake, akapunguza mwanga wa kioo, na picha tukazitazama gizagiza. Sikusema neno, maana siku ile haikuwa ya maneno hayo. Lakini njia nzima ya kurudi nilijiuliza tumekosea wapi, hata mtu aliyefundisha vijana mfumo huria wa Ubuntu kwa miaka sita aone haya mbele yangu ndani ya nyumba yake mwenyewe. Yeye ameniruhusu niyaandike haya bila jina lake, na tangu hapo nimewauliza wengine kwa upole. Si yeye peke yake. Wengi wetu tuna mifumo miwili, mmoja wa kuwaonyesha watu na mwingine wa kuishi nao.

Ndugu zangu, lugha yetu imetupa bahati ambayo wenzetu wanaozungumza Kiingereza hawana. Wao wana neno moja kwa kitu kisicholipiwa na kwa mtu asiye mtumwa, na Richard Stallman, tangu alipotangaza mradi wa GNU mwaka 1983, amelazimika kueleza kila mara anakusudia maana ipi. Sisi tuna bure na tuna huru, na hakuna mtoto anayeyachanganya. Imekuwaje basi sisi tuliojaliwa maneno mawili tuishi kana kwamba tuna moja? Windows anayokupigia fundi kwa elfu kumi inakaribia kuwa bure, lakini uhuru haumo ndani yake. Huwezi kuichungulia ujue inafanya nini na faili zako, huwezi kuirekebisha, na ukimpa jirani nakala mmekuwa wawili mnaojificha. Tulipojiunga tulikubaliana juu ya mambo manne: kuitumia programu kwa kazi yoyote, kuisoma na kuibadili, kumgawia mwenzako, na kuwagawia watu ile uliyoiboresha. Kuokoa fedha hakumo katika hayo manne. Fedha ilikuja kama nyongeza, na nahofu kwamba wengine wetu tuliipenda nyongeza tukaisahau asili.

Naomba pia tukumbuke namna kufuli la programu ya kulipia linavyovunjwa. Ile programu ndogo ya kuvunjia, iliyopitishwa kutoka flashi hadi flashi, mara nyingi jambo la kwanza inalokuomba ni uzime kinga ya virusi. Tafakarini kidogo. Mtu akibisha hodi usiku, akakuomba kwanza umfunge mbwa ndipo aingie, ungemfungulia? Mimi nilimfungulia. Kabla sijahamia Linux niliamka asubuhi moja nikakuta kila faili imebadilishwa jina, na katikati ya kioo imeandikwa barua ya kudai fidia. Miaka minne ya picha za wanangu ilikuwa humo, na hadi leo sijaipata hata moja. Siwatishi kwa polisi, ingawa Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya Tanzania ya mwaka 1999 inazilinda programu za kompyuta kama inavyovilinda vitabu. Nazungumza juu ya mtoto anayetazama. Yule kijana aliyeleta laptopu anajifunza kwa baba yake kwamba kuna jambo tunalolisema kwenye mikutano na jingine tunalolifanya tukifunga mlango.

Na jambo hili si la kigeni kwetu. Miaka zaidi ya 20 iliyopita watu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walikaa na kutafuta neno la Kiswahili kwa kila kitufe na kila menyu, katika mradi ulioitwa Kilinux, na mwaka 2004 ikatoka Jambo OpenOffice, programu ya ofisi kwa Kiswahili. Kazi ile iliwezekana kwa sababu msimbo ulikuwa wazi, na hawakuhitaji kumbembeleza mwenye kiwanda awafungulie. Mwaka huohuo wa 2004 Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini alitoa toleo la kwanza la Ubuntu, akaupa mfumo jina ambalo sisi, kwa lugha yetu, tungeliita utu. Wengine wenu mnakumbuka zile sidii zilizokuja kwa posta bila malipo, tukazishika kama barua kutoka kwa ndugu. Tulirithi kazi ya mikono ya watu. Inaniuma kuona urithi huo tunautoa siku ya maonyesho na kuurudisha kabatini jioni.

Najua mtakachonijibu, kwa kuwa nimekisikia mezani kwangu. Mke wangu ni mwalimu. Alipoandaa mtihani wake wa kwanza kwa LibreOffice, majedwali yalifika shuleni yamevurugika, swali la saba likamegeka nusu ukurasa huu na nusu ule, naye akarudi hana furaha na mimi wala na uhuru wangu. Usiku ule nilimwambia azoee. Lilikuwa jibu baya, na naungama kwamba sisi viongozi tumewapa wengi wenu jibu hilohilo. Tulipotulia tukagundua sehemu kubwa ya tatizo ilikuwa herufi: mtihani uliandikwa kwa Calibri, na kompyuta yetu, kwa kuwa haikuwa nayo, iliweka herufi nyingine pana zaidi. Tulipoweka Carlito, ambayo upana wa kila herufi yake unalingana na ule wa Calibri, mistari ikarudi mahali pake. Kazi ya kuchapwa tu sasa anaituma kwa PDF. Ilikuwa kazi ya dakika kumi, lakini alihitaji mtu wa kukaa naye dakika hizo. Wengi waliorudi nyuma walirudi siku printa ilipokataa, wakapiga simu kwetu, na hakuna aliyepokea.

Ndiyo maana siwaombi mhame nusu. Kuweka mifumo miwili kwenye diski moja kunafaa kwa wiki za kujaribu, lakini kila linapotokea gumu mkono unakimbilia kule ulikozoea, na lile gumu halitatuliwi kamwe. Jiji la München nchini Ujerumani liliamua mwaka 2003 kuhamia Linux, na kufikia 2013 kompyuta karibu 15,000 zilikuwa zimehamishwa. Mwaka 2014 akaingia meya asiye na shauku ile, na 2017 baraza likapiga kura ya kurudi Windows. Watu wanabishana kuhusu sababu. Mimi nimejifunza kwamba kazi ya miaka kumi inaweza kurudishwa nyuma kwa kura ya siku moja, ikiwa walio ndani hawaihesabu kuwa nyumba yao.

Wapo kati yetu wenye kazi zinazodai programu maalumu, wahasibu na wachoraji ramani, na mwajiri ndiye mwenye mashine. Hao siwatwiki mzigo usiobebeka. Kazini fanyeni kwa kile mlichopewa. Nazungumzia nyumbani, ambako hakuna anayetulazimisha. Na wakati wenyewe unatusukuma: tarehe 14 Oktoba 2025 Windows 10 ilifikia mwisho wa msaada wake wa kawaida, na Windows 11 inadai chipu ya usalama ya TPM 2.0 na kichakataji ambavyo laptopu nyingi za mtumba tulizonunua hazina. Mashine hizo bado ni nzima. Yangu ina RAM ya GB 4 tu, na Linux Mint inakwenda vizuri, hasa tangu nilipobadilisha diski nikaweka SSD.

Jumamosi ya kwanza ya mwezi ujao nitakuwa pale tunapokutana siku zote kumsaidia yeyote anayetaka kuhamia Linux, kuanzia saa tatu asubuhi hadi wa mwisho aondoke. Msimalize bando kupakua mfumo, faili lake linakaribia GB 3. Flashi ninazo, na hapa kugawiana si wizi. Nakilini kwanza picha na nyaraka zenu kwenye diski ya nje, mzifungue mhakikishe zinafunguka, maana tutakapofuta diski hakuna kurudi. Mwenye wasiwasi atawasha mfumo kutoka kwenye flashi, ajaribu Wi-Fi, sauti na printa kabla hatujagusa chochote. Nimepanga wenzetu wanne watakaopokea simu kwa zamu, kila jioni, kwa miezi mitatu ya mwanzo, na zamu ya kwanza ni yangu. Njooni na chaja, na modeli ya printa yenu mmeiandika kwenye karatasi. Mke wangu amekubali kuja na ule mtihani wenye majedwali.

Ndugu yenu,
Mwenyekiti