Staa wa gitaa amponda dogo kisa pedali, kumbe na yeye ana yake ya kuuza

Kuna staa mmoja wa gitaa hapa mjini, jina kapuni, ambaye hivi karibuni aliingia laivu na kumchana dogo mmoja wa bendi ya kanisani kisa kiboksi cha kijani. Dogo alikuwa ameposti klipu akipiga solo, miguuni kuna Ibanez Tube Screamer TS9 aliyonunua mkononi kwa mtu. Staa akaichukua ile klipu, akacheka mbele ya wafuasi wake, akasema hiyo siyo Tube Screamer. Kwa maelezo yake Tube Screamer ni moja tu, TS808 ya zamani, na anayepiga na hizo nyingine anajidanganya mwenyewe na anaidanganya bendi yake.

Watu wakamwaga emoji za kucheka. Dogo akafuta klipu.

Siku nne mbele, staa huyohuyo anaweka picha ya TS808 yake. Inauzwa. Milioni mbili na nusu, maongezi yapo kidogo. Na wanaomfahamu dogo wanasema alishaingia inbox kuomba alipe kwa awamu, huku ametangaza kuuza amplifaya yake ili apate kianzio.

Hapo ndipo stori inapoacha kuchekesha.

Kwa wadau wasiopiga gitaa: hii pedali inakaa katikati ya gitaa na amplifaya, unaikanyaga sauti inapata mkwaruzo. Ndani yake sauti inakuzwa, halafu dayodi mbili zinakata ncha za mawimbi, ndiyo ule mkwaruzo unatoka. Besi inapunguzwa, sauti ya kati inasukumwa mbele. Ndiyo maana mpiga solo akiikanyaga anasikika hata kama kinanda, besi na drams vyote viko juu. Solo ya dansi la kizamani haiuhitaji sana mkwaruzo huu, ile inataka gitaa safi linalolia kama kengele. Ila kwenye injili za siku hizi na roki, ukiwa nayo umetoka.

Sasa twende kwenye hiyo "moja tu". TS808 ilitoka Japani mwaka 1979, mchoro wake ukiwa kazi ya injinia anayeitwa Susumu Tamura wa kampuni ya Maxon, ambayo ndiyo ilikuwa ikiwatengenezea Ibanez. Mwaka 1982 ikaja TS9. Boksi likabadilika, swichi ikawa kubwa zaidi, lakini mzunguko wa ndani ukabaki uleule kasoro vitu viwili vidogo kwenye njia ya kutokea sauti. Rizista mbili. Kwenye 808 moja ni ya omu 100 na nyingine ya omu 10,000. Kwenye TS9 ni omu 470 na omu 100,000. Basi. Sehemu inayotengeneza mkwaruzo wenyewe haikuguswa.

Rizista mbili bei yake haifiki soda. Fundi redio yeyote mwenye pasi ya kuchomea anaweza kuzitoa na kuweka nyingine kabla chai haijapoa, na duniani kote mafundi wamekuwa wakigeuza TS9 kuwa 808 kwa njia hiyohiyo miaka na miaka. Staa anajua hilo. Mtu hapigi gitaa muda wote huo akakosa kulijua.

Atasema chipu. Wote wanasema chipu. JRC4558, jina linatajwa kama dawa ya mganga. Ukweli ni kwamba hiyo ni chipu ya kawaida na ya bei chee, ilitumika kwenye vifaa kibao vya sauti ambavyo havina uhusiano wowote na gitaa. Na hata hizo 808 za mwanzo zenyewe hazifanani zote, zipo zilizofungwa chipu ya Texas Instruments. TS9 nazo zilitoka na chipu za aina tofauti kulingana na kilichokuwepo kiwandani. Sasa hiyo "sauti halisi" ni ya ipi?

Halafu kuna jina la Stevie Ray Vaughan, ambalo staa alilirudia kwenye laivu mpaka wasiomjua wakadhani ni ndugu yake. Vaughan, Mmarekani wa Texas aliyefariki 1990, alitumia 808, akatumia TS9, akatumia na TS10, ile ya 1986 ambayo watu walikuja kuidharau kwa kuwa soketi zake ni za plastiki. Matoleo yote matatu. Sauti ikabaki yake. Alikuwa anafunga nyuzi nene zinazochubua vidole, anazilegeza nusu toni, amplifaya zake ziko juu. TS10 yenyewe iliyokuwa ikidharaulika bei yake ilikuja kupaa baada ya watu kuiona miguuni kwa John Mayer. Plastiki ni ileile, kilichobadilika ni miguu iliyoikanyaga.

Tusimwonee staa, tofauti ipo. Ukizifunga 808 na TS9 kwenye amplifaya moja, gitaa moja, mpigaji mmoja, chumba kimya, wengi watakuambia 808 ni laini kidogo na TS9 inang'aa kidogo juu. Lakini ni lazima zilingane ukubwa wa sauti kwanza, maana sikio la binadamu likisikia yenye sauti kubwa kidogo tu linasema hii ndiyo nzuri. Ulinganisho alioufanya staa kwenye laivu alirekodi kwa maiki ya simu, na 808 yake nobu ya sauti ilikuwa imezungushwa mbele kuliko ile TS9 aliyoazima. Inaonekana kabisa kwenye video, dakika za mwanzo tu.

Na kama mtu anapenda vitu vya kale, ana hela yake, anunue. 808 za zamani zilizotunzwa vizuri huvuka dola elfu moja huko nje, kwa hiyo bei ya staa siyo wizi. Ni bei ya kumbukumbu, kama saa ya babu. Anayetaka 808 ya kupigia tu, Ibanez walianza kuitoa upya mwaka 2004 na mpya haifiki hata nusu ya hizo milioni. Kosa ni kumcheka mtoto hadharani Jumatatu, halafu Ijumaa kumuuzia dawa ya aibu uliyompa mwenyewe.

Maana hesabu ya dogo ni mbovu, na hakuna mkubwa aliyemwambia. Akiuza amplifaya anabaki na pedali ya milioni mbili na nusu na hana pa kuichomeka. Tube Screamer haitoi sauti yenyewe. Inasukuma amplifaya, na amplifaya ikiwa nzuri hata TS9 ya mkononi inaimba. Ikiwa mbovu, au haipo kabisa, atakuwa na kiboksi cha kijani cha kuweka kabatini. Staa mwenye roho ya kaka angemwambia mdogo wake hivyo inbox, kimyakimya, na kumwelekeza kwa fundi mwenye rizista mbili.

Hadi jana jioni posti ya staa ilikuwa bado ipo, bei imeshuka hadi milioni mbili na laki mbili. Tangazo la dogo la kuuza amplifaya nalo lilikuwa bado lipo, na chini yake mtu alishauliza kama anaweza kuja kuichukua Jumamosi.